Kodi Inavyobadilishwa Bungeni, na Kwa Nini Wabunge Wanagombania Utaratibu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ikifika katikati ya Juni, benchi lililo nje ya ofisi yangu hapa Ngamiani, Tanga, halikosi mtu. Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo na kuwapelekea ritani zao, yaani taarifa za kodi: wa nguo, wa dagaa wa kule Sahare, wa vifaa vya ujenzi, mama mmoja mwenye duka la dawa na mwingine wa mashine ya kusaga. Siku ya hotuba ya bajeti redio zote mtaani huwa zimefunguliwa, na kesho yake asubuhi maswali yanayoletwa benchini ni yale yale ya mwaka jana na juzi. Nimeyaandika hapa ili anayesubiri zamu apate la kusoma, na aliye Pongwe au Muheza asilipe nauli kuja kuuliza jambo la dakika mbili.

Mwenye barua ya madai mkononi, hilo ni jambo jingine. Njoo nayo.

Waziri katangaza kodi mpya jana jioni. Leo nimeshaanza kudaiwa?

Hapana. Alichosoma Waziri wa Fedha ni mapendekezo. Katiba yetu, Ibara ya 138, inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliotiwa nguvu na sheria ya Bunge. Hotuba hata ipigiwe makofi na ukumbi mzima haijawa sheria.

Baada ya hotuba wabunge hujadili kwa wiki moja hivi. Kisha huitwa mmoja mmoja kwa jina, kila mtu aseme ndiyo, siyo, au kwamba hana upande. Hiyo ni kura ya bajeti. Hufuata muswada wa kuidhinisha matumizi ya Serikali, halafu ndipo unapokuja ule unaotuhusu sisi wa dukani, Muswada wa Sheria ya Fedha. Ukipita, Rais anausaini, na 1 Julai unaanza kuuma. Mwaka 2023, kwa mfano, hotuba ilisomwa 15 Juni. Hesabu mwenyewe siku zilizobaki mpaka 1 Julai, toa Jumamosi na Jumapili, uone Bunge lilikuwa na muda gani wa kufanya yote hayo.

Huo Muswada wa Sheria ya Fedha una nini ndani?

Viraka. Sina neno jingine.

Kodi zetu zimo katika sheria nyingi zilizosimama kila moja peke yake: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2014, ile tuliyozoea kuiita VAT, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, Sheria ya Ushuru wa Bidhaa, na nyingine. Hizo ndizo nguo zenyewe. Muswada wa Sheria ya Fedha haushoni nguo mpya. Unapita kwenye kila moja na kusema hapa futa neno hili weka lile, pale ongeza kifungu kidogo baada ya kifungu fulani, pale tena ondoa namba na badala yake andika nyingine. Ukiushika peke yake huelewi kitu. Lazima uwe umefungua sheria mama pembeni, kidole kimoja huku na kimoja kule, kama mtu anayelinganisha daftari la madeni na risiti.

Nakala nilizowahi kuzisoma mimi zilikuwa za Kiingereza, ingawa mwaka 2021 nchi ilitunga sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Basi mwenye duka Barabara ya 14 anahitaji vitu vitatu ili ajue kilichombadilikia: sheria mama, muswada, na mtu wa kumfasiria. Anachopata ni kipande cha sauti kwenye kundi la WhatsApp.

Kama karibu wabunge wote ni wa chama kimoja, wanagombana nini?

Swali hili huulizwa kwa kejeli, lakini ni zuri. Baada ya uchaguzi wa 2020 wapinzani walibaki wa kuhesabika, na bado kila Juni kuna mabishano. Ukiyasikiliza vizuri utaona kwamba ubishi wa kiwango, yaani elfu moja au mia tano, ndio unaosikika zaidi, lakini chini yake kuna ubishi wa namna: nani aliulizwa, lini, na kwa karatasi gani.

La kwanza ni muda. Kamati ya Bajeti, ambayo ilianza kazi 2013, ndiyo inayoupokea muswada, kuita wadau na kubishana na watu wa Wizara ya Fedha. Mwaka huo huo kalenda ilibadilishwa, vikao vya bajeti vikaanza Aprili badala ya Juni ili Bunge lifike 1 Julai limeshamaliza. Ilikuwa hatua ya maana. Ila Aprili na Mei zinaliwa na bajeti za wizara, yaani matumizi. Upande wa kodi, yaani fedha zitoke mfukoni mwa nani, bado unafika mwishoni. Tunajadili harusi miezi miwili, mchango tunaukumbuka usiku wa kuamkia nikahi.

La pili ni jedwali la marekebisho. Serikali ikikubaliana na kamati, au ikibadili mawazo yenyewe, huleta karatasi ya mabadiliko ya muswada ule ule ambao wadau walishautolea maoni. Mbunge naye akitaka kubadili kifungu huleta jedwali lake. Kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima, vifungu vinapita kimoja kimoja: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, walioafiki wameshinda. Ukisikiliza redioni unaweza kudhani ni zoezi la kuitikia. Aliyesafiri kwenda Dodoma kusema habari za kifungu cha kumi na mbili anarudi nyumbani hajui kifungu hicho kilipita kikiwa na sura gani.

La tatu ni lile ambalo mimi naliona zito kuliko yote, nalo ni madaraka yanayoachiwa Waziri. Sheria inapita na sentensi moja kwamba Waziri atatunga kanuni. Kiwango halisi, nani asamehewe, lini kianze, vyote vinakwenda kwenye kanuni. Nitalirudia kwenye tozo.

Wengi mnaniuliza habari za kushika shilingi. Ile ni kwenye bajeti za wizara: mbunge asiporidhishwa na maelezo hushika shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka ajibiwe. Ni silaha ya upande wa matumizi. Kwenye muswada wa kodi hakuna shilingi ya kushika, kuna jedwali tu.

Zamani ugomvi ulikuwa wa wazi zaidi. Mwaka 2016 wabunge wa upinzani walikuwa wakitoka ukumbini kila kikao kilipoongozwa na Naibu Spika wa wakati ule, Dk. Tulia Ackson, na bajeti ya 2016/17 ikapitishwa viti vyao vikiwa vitupu. Malalamiko yao yalihusu uendeshaji wa vikao. Lakini matokeo ni kwamba kodi za mwaka ule zilipita bila upande mmoja kusema neno, sawa na kesi inayoamuliwa mdaiwa akiwa nje.

Mbunge wetu hawezi kusimama akaiondoa kodi inayotuumiza?

Kuiondoa au kuipunguza anaweza kupendekeza. Kuiongeza au kuanzisha nyingine hawezi. Ibara ya 99 ya Katiba inasema Bunge halitashughulikia muswada wa kutoza kodi au kubadilisha kodi, isipokuwa kwa kupunguza, mpaka Rais awe amependekeza jambo hilo kupitia kwa Waziri. Kwa hiyo mbunge akisema saruji ipunguziwe na badala yake bidhaa fulani ya anasa iongezewe, nusu ya kwanza ya hoja yake ina miguu, nusu ya pili haina. Na atakapobaki na hiyo nusu ya kwanza ataulizwa swali moja tu: pengo unaliziba na nini?

Kuna Ibara nyingine ambayo wabunge wanaijua kama jina la mama zao, ya 90. Bunge likikataa kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja. Yaani mbunge anayesema siyo, kama wenzake wengi wakimfuata, anajirudisha mwenyewe jimboni kuomba kura upya. Hapo utaelewa kwa nini maneno huwa makali wiki nzima na kura huwa laini siku ya mwisho. Nguvu yote ya kubadilisha jambo iko kabla ya kura, ndani ya chumba cha Kamati ya Bajeti, na ndiyo sababu watu wanagombania mlango wa chumba kile.

Tozo ya miamala ilipitishwa na Bunge. Mbona ilipunguzwa bila Bunge kupiga kura tena?

Kwa sababu ya ile sentensi moja niliyoitaja.

Sheria ya Fedha ya 2021 ilitoa ruhusa ya kutoza kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa fedha kwa simu. Ngazi zenyewe, nani akatwe ngapi, ziliwekwa kwa kanuni. Makato yakaanza 15 Julai 2021. Nakumbuka siku hiyo kwa wakala wa hapa kona: bibi mmoja alikuja kutoa hela aliyotumiwa na mwanawe aliye Dar, akahesabu, akahesabu tena, akamwambia kijana wa kibandani, "Mjukuu wangu, hii si niliyoambiwa." Kijana akamwonyesha ujumbe kwenye simu. Bibi akasema basi irudishe kwa mwanangu. Kijana akamweleza kwamba na kuirudisha nako kuna tozo.

Nchi nzima ilipiga kelele. Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza litazamwe upya, na kuanzia 7 Septemba 2021 viwango vikashushwa kwa asilimia 30, kwa kanuni. Mwaka 2022 tozo ikapanuliwa kugusa miamala ya benki, kelele zikarudi, na Septemba hiyo Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba akatangaza kufuta baadhi yake kuanzia 1 Oktoba. Julai 2023 tozo ya kutuma fedha kwa simu ikafutwa, ya kutoa ikabaki.

Sasa, kupunguziwa ni kuzuri, nani atakataa? Lakini tazama kilichotokea. Kilichopitishwa Dodoma kilikuwa na upana wa kutoka shilingi kumi mpaka elfu kumi, mtu anaweza kupitisha lori humo. Wabunge waliosema ndiyo hawakupigia kura kiasi alichokatwa yule bibi. Kiasi kile kiliandikwa baadaye, mahali pengine. Kilichoshushwa kwa kalamu kinaweza kupandishwa kwa kalamu hiyo hiyo, mradi hakivuki mipaka ya sheria.

Usajili wa stoo ulitoka wapi? Mbona hatukusikia?

Sharti hilo la kuandikisha ghala za mizigo kwa watu wa kodi lilitoka kwenye Sheria ya Fedha ya 2022, ndani ya viraka vya Sheria ya Usimamizi wa Kodi. Hotuba ya bajeti ni ndefu, kichwa cha habari kinachukua jambo moja au mawili, na mwaka ule masikio yalikuwa kwenye tozo na bei ya mafuta. Kifungu cha stoo kikapita kimya kimya. Wenye mizigo wakakijua walipogongewa mlango.

Kariakoo ikafunga maduka 15 Mei 2023. Malalamiko yalikuwa mengi, kamatakamata ikiwamo, lakini stoo ilitajwa sana. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikaa na wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja, watu wakapanga foleni kwenye kipaza sauti wakisema mambo ambayo, kwa haki, yalitakiwa yasemwe mbele ya kamati mwaka mmoja kabla. Wapo walioniambia kwamba mgomo ndio ulioleta usikivu. Sibishi. Ila kikao cha aina ile ni ghali: maduka yamefungwa, mkopo unaendelea kula riba.

Na Wakenya? Huku mpakani Horohoro tulisikia Bunge lao limevamiwa.

Hili linahitaji maelezo, maana watu wanalichanganya. Yalikuwa mambo mawili.

La kwanza ni la Juni 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuwa na mapendekezo ya VAT kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Hayo mawili yaliondolewa kabla ya kura, lakini hasira ilikuwa imeshawaka. Jumanne ya 25 Juni muswada ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106, na waandamanaji wakaingia ndani ya majengo ya Bunge. Watu walikufa siku ile. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuusaini na kuurudisha Bungeni. Jumatatu ya wiki ile ile, 24 Juni, Kariakoo nako maduka yalikuwa yamefungwa tena. Hakuna aliyepanga, lakini mwenye kununua Mombasa na kuuza Dar aliyaona yote mawili kwa siku tatu.

La pili ni la mahakama, nalo kwa habari ya utaratibu linafundisha zaidi. Katiba ya Kenya inalitaka Bunge lishirikishe wananchi. Wananchi kadhaa wakashtaki kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa imeingizwa vifungu vipya baada ya maoni kukusanywa, vifungu ambavyo hakuna mwananchi aliyeulizwa. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nao na kuibatilisha sheria nzima. Fikiria: kodi zilizokusanywa mwaka mzima, sheria yake inaambiwa haikuzaliwa vizuri. Serikali ikakata rufaa, na 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikatengua hukumu ile, ikasema Bunge linaruhusiwa kurekebisha muswada baada ya kusikiliza watu bila kuanza upya kila mara.

Msingi wa mabishano yao ni ule ule wa jedwali letu la marekebisho. Tofauti ni kwamba kwao jambo hilo lina mlango wa mahakama ulio wazi ndani ya Katiba, na kwetu kuita wadau ni jambo linalobebwa zaidi na Kanuni za Bunge na busara ya kamati. Mteja wangu mmoja wa Horohoro ananiambia afadhali yetu, kodi ikipita unajua imepita. Mwingine anasema heri kodi ibatilishwe kuliko ipite usiku. Wote wawili wana mizigo mpakani, kwa hiyo hakuna anayeropoka.

Marekani wanafanyaje? Wale si wana miaka mia mbili ya Bunge?

Hata wao. Mwaka 1986 walibadilisha sheria ya kodi kwa vyama viwili kukaa pamoja muda mrefu. Seneti ilipopigia kura toleo lake ilikuwa 97 kwa 3. Mwaka 2017 chama cha Republican kilitumia njia ya mkato inayoruhusiwa kwa mambo ya bajeti, ambayo haihitaji kura 60 za Seneti. Usiku wa kuamkia 2 Desemba Seneti ikapitisha muswada wa karibu kurasa 500, kurasa nyingine zimeandikwa marekebisho kwa kalamu pembezoni, maseneta wa upande wa pili wakiinua karatasi hizo mbele ya kamera kuuliza hiki kinasomeka vipi. Kura 51 kwa 49. Baadaye Baraza la Wawakilishi la kwao lilibidi lipige kura mara ya pili kwa sababu vipande vichache vilivunja kanuni za Seneti.

Sitaki mtu ajifariji kwa hilo. Nalitaja kwa sababu kijana mmoja benchini aliapa kwamba kwa wenzetu kila mbunge husoma kila ukurasa.

Ushuru wa mchele na nguo za nje nao Bunge letu ndilo linalouamua?

Kwa sehemu kubwa hapana, na hapa ndipo wafanyabiashara wa Tanga wanapopotea, maana tuna bandari na tuna Horohoro, kwa hiyo kwetu forodha ni chakula cha kila siku.

Ushuru wa forodha wa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki unafuata kiwango cha pamoja kilichoanza 2005: asilimia 0, 10 na 25, na kuanzia Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya 35. Mawaziri wa nchi wanachama hukutana kabla ya bajeti. Nchi ikitaka kwa mwaka mmoja isitumie kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani, inaomba huko, na uamuzi unatoka kwenye Gazeti la Jumuiya. Waziri wetu anapousoma Dodoma anatoa taarifa. Bunge halina cha kubadilisha. Ukimwandikia mbunge wako Juni kuhusu ushuru wa mchele umechelewa na umekosea anwani.

Kwa hiyo mzigo mmoja unaoshushwa gatini hapa, siku hizi moja kwa moja badala ya kuhamishiwa kwenye matishari nje huko kama zamani, unaguswa na wenye maamuzi wawili: forodha imeamuliwa na Jumuiya, VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa vimeamuliwa na Bunge. Ukilalamikia jumla bila kuipasua utapewa majibu ya jumla.

Mzigo nikiupakia kwenda Pemba?

Kodi ya mapato na forodha ni mambo ya Muungano. VAT si ya Muungano. Zanzibar wana sheria yao na Baraza lao la Wawakilishi, na Ibara ile ya 138 inaitambua mamlaka hiyo. Kabla jahazi halijang'oa nanga, uliza pande zote mbili.

Ushuru wa sokoni je?

Huo ni wa halmashauri, kwa sheria ndogo zinazopitia Baraza la Madiwani. Diwani wako unamjua nyumbani kwake. Nenda.

Tukitaka kusikika, tuseme lini na wapi?

Mapema kuliko mnavyodhani. Wizara ya Fedha hutoa tangazo la kukaribisha mapendekezo ya maboresho ya kodi miezi mingi kabla ya hotuba. Hapo kalamu bado ina wino. Juni, Kamati ya Bajeti nayo hutangaza kupokea maoni ya wadau, lakini muda huwa mfupi na kikao kiko Dodoma. Kutoka hapa ni Segera, Chalinze, Morogoro, ndipo Dodoma. Basi la alfajiri linakufikisha jioni umechakaa. Kwa hiyo andikeni. Maoni ya maandishi yanapokelewa, na yakipitia TCCIA, chama cha wenye biashara, viwanda na kilimo, au Jumuiya ya Wafanyabiashara yana uzito kuliko barua ya mtu mmoja.

Na andikeni kwa namba ya kifungu. Nimewahi kuona barua ya wafanyabiashara ishirini na mmoja, mihuri yote ipo, inayosema tu "kodi zimezidi, tunaomba huruma". Afisa ataiweka wapi? Mtu aliyeandika "kifungu fulani kinataka nitunze kumbukumbu hizi, mimi niko kwenye makadirio kwa sababu mauzo yangu hayafiki Sh milioni 100, na hivi ndivyo itakavyonigharimu kwa mwezi", huyo amempa mjumbe wa kamati kitu cha kusimama nacho.

Tahadhari moja: Toleo la Urekebu la sheria zetu lilizinduliwa 2025, na namba za vifungu vingi zimehama. Ukinukuu kwa nakala ya zamani utaeleweka vibaya. Sura za sheria ni zile zile.

Tume ya Rais ya kodi ilikuwa ya nini, kama Bunge lipo?

Baada ya mgomo wa 2024 Rais aliunda Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue, ikazinduliwa Oktoba mwaka huo. Kazi yake ilikuwa kuutazama mfumo mzima, kitu ambacho viraka vya kila Juni haviwezi. Tume haitungi sheria. Lolote inaloshauri lazima lipite tena mlango ule ule: Waziri, Kamati, jedwali, ndiyo na siyo.

Nipandishe bei sasa hivi au ningoje 1 Julai?

Nakujibu kwa kosa langu mwenyewe. Juni 2023 hotuba ilipendekeza ushuru wa bidhaa wa Sh 20 kwa kilo ya saruji, maana yake Sh 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Mteja wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa na oda ya mifuko 600 ya fundi mmoja wa Kange, ya kupeleka katikati ya Julai. Akanijia: kaka, nimwandikie bei gani? Mimi nilikuwa nimesikiliza kelele mitandaoni siku nne mfululizo, nikajiona najua. Nikamwambia hii haipiti, Kamati wataikata, mwandikie bei ya sasa. Akamwandikia, akapokea na malipo ya awali.

Ikapita kama ilivyosomwa. Julai kiwandani bei ikawa na ile elfu moja juu, naye alishatoa neno lake kwa fundi. Laki sita. Hakunigombeza, alikuja tu akakaa kwenye benchi lile, akaweka risiti ya kiwanda juu ya meza, akaniuliza kama laki sita hizo naziingiza kwenye matumizi ya biashara au kwenye sadaka.

Tangu siku hiyo nafanya hivi, na ndivyo nikushaurivyo. Kati ya hotuba na 1 Julai usimwandikie mtu bei ya mzigo ambao hujaununua bila kuongeza mstari kwamba mabadiliko ya kodi yatakuwa juu ya mnunuzi. Tarehe 30 Juni, kabla hujafunga, hesabu mzigo wa dukani na wa stoo, andika, weka sahihi na tarehe, ili ulichonunua kwa bei ya zamani kijulikane ni kipi. Na sheria iliyosainiwa ikitoka, niletee kwanza kabla ya kubandika bei mpya ukutani. Chai ipo.